Hivi ni mimi nimezeeka au redio ya muziki ndo imeisha ladha?

mpenda_masafa (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili maana limenikaa kichwani tangu juzi. Nilikuwa napanga vitu stoo nikakutana na redio yangu ya zamani, ile ya kutafuta stesheni kwa kuzungusha kidole, nikatia betri mpya ikawaka vizuri kabisa, nikasema leo nasikiliza redio siku nzima kama enzi zile. Aisee sikumaliza hata saa mbili. Ndani ya hizo saa mbili wimbo mmoja umepigwa mara mbili, matangazo ya biashara yanakuja kwa mkupuo mpaka unasahau ulikuwa unasikiliza nini, alafu kuna watangazaji watatu wanachekeana wenyewe kwa wenyewe kitu ambacho mimi msikilizaji hata sikijui, wimbo ukianza wanaongea juu yake mpaka mwimbaji anaanza kuimba, ukikaribia kuisha wanaukata. Jina la wimbo hawakutaja. Nikazima.

Na mimi sio mtu wa kuidharau redio jamani. Mimi ndo yule niliyekuwa nakaa na kaseti tupu kwenye deki, nimebonyeza rekodi na pozi kwa pamoja, nasubiri wimbo wangu upigwe niachie pozi, na mtangazaji akidakia mwishoni namlaani kimoyomoyo. Nilijua majina yao wote na saa zao za kuingia hewani. Leo hii simjui hata mmoja.

Jibu ambalo kila mtu analo ni kwamba simu imeua redio. Sikatai ila haliniridhishi, sababu kaseti zilikuwepo, CD zilikuwepo, Walkman ya Sony imetoka 1979 watu wakatembea na muziki wao masikioni na redio haikufa. MTV, ile chaneli ya video za muziki, ilipoanza Agosti 1981 video ya kwanza kabisa kurushwa ilikuwa Video Killed the Radio Star (video imemuua nyota wa redio) ya The Buggles, yani msiba umetangazwa zaidi ya miaka 40 iliyopita na marehemu akaendelea kudunda tu. Sasa safari hii kimebadilika nini? Mlioacha kusikiliza, mliacha kwa sababu gani? Na mnaosikiliza bado mnapata nini huko?

---

kidole_chepesi

Mimi niliacha siku nilipozoea kuruka wimbo. Ukishazoea hicho kitufe basi umeharibika, kila kitu kisichokuwa nacho kinakuwa kama adhabu. Hata mtu akinisimulia stori ndefu natafuta pa kubonyeza.

---

mama_wawili77

Mleta mada umenikumbusha mbali na hizo kaseti 😂 sisi tulikuwa tunaziba vitundu vya juu kwa karatasi ili turekodi juu ya mahubiri ya baba.

Mimi bado nasikiliza, tena kila siku, ila kwa sababu tofauti na yako. Nikiwa napiga pasi au naendesha gari sitaki kuchagua. Kutwa nzima nachagua, kazini nachagua, nyumbani nachagua, alafu nifungue simu inikute na nyimbo mamilioni iniulize unataka nini? Sijui nataka nini! Nataka mtu mwingine aamue. Redio inanifanyia hiyo kazi na pia kuna sauti ya mtu mle ndani, unajua kabisa kuna binadamu macho muda huu kama wewe. Ila kweli kwa hilo la kurudia nyimbo nakuunga mkono, kuna wimbo mwaka huu nimeuchukia na haujanikosea chochote.

---

fundi_antena

Wadau wote mnaongelea ladha, ngoja niwaletee sababu ambayo watu hawaitaji, ya vyuma. Redio ilishinda miaka yote kwa sababu ilikuwa kila mahali. Tangu redio za transista zianze kuuzwa 1954 ilikuwa kitu cha kuweka mfukoni, baadae ikawa kwenye saa ya mezani, kwenye gari, kwenye simu za vitufe. Mnakumbuka simu za vitufe? Unachomeka hedifoni unapata FM, bila bando, bila kujisajili. Ule waya wa hedifoni ndo ulikuwa antena yenyewe, ndo maana bila kuchomeka ilikuwa inakwambia chomeka kwanza.

Sasa angalia kilichotokea. Simu janja zilipokuja, ile chipu ya waifai na bluetooth mara nyingi ilikuwa na uwezo wa FM humo humo ndani ila watengenezaji wengi hawakuuunganisha. Alafu 2016 iPhone 7 ikatoka bila tundu la hedifoni, wengine wakaiga, na mwaka uliofuata Apple wakasema wazi kwamba iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena yake. Kwaiyo kijana aliyepata simu ya kwanza miaka hiyo hajaikataa redio, HAJAWAHI KUKUTANA NAYO. Huwezi kuachana na mtu ambaye hamkuwahi kuonana.

Na kuna nchi zimeizima FM kwa makusudi. Norway mwaka 2017 vituo vyao vya kitaifa vyote vilihamia kwenye mfumo wa dijitali wa DAB, mwenye gari la zamani ikabidi anunue kifaa cha kuongezea au akae kimya. Sisemi DAB mbaya, chaneli ni nyingi zaidi na mikwaruzo hakuna, ila kila ukimlazimisha mtu anunue kitu kipya ili aendelee kusikiliza kile kile, wengine wanachukua nafasi hiyo kuondoka.

---

zamani_studio

Nimefanya kazi redio miaka 11, mitano ya kwanza mtangazaji, iliyobaki kwenye kupanga muziki. Kituo sikitaji maana bado nina marafiki mle. Ngoja niwaambie jinsi mambo yanavyokwenda kule nyuma ya kioo alafu mtaelewa kwa nini mleta mada alizima redio.

Kwanza wimbo hauchaguliwi na mtu unayemsikia anaongea. Kwenye vituo vingi vya biashara kuna programu ya kompyuta inayopanga muziki, maarufu kuliko zote ni ile inaitwa Selector na ndugu zake waliokuja baadae. Unaipa nyimbo zako, unazigawa makundi, hizi za moto, hizi za wastani, hizi za zamani, alafu kila saa ina kitu tunaita saa, yani mchoro wa duara kama saa ya ukutani, dakika hii hiti, dakika hii jingo (kile kiwimbo kifupi cha kutaja kituo), dakika hii matangazo, dakika hii hiti tena. Kundi la nyimbo za moto linaweza kuwa na nyimbo kumi au chini ya hapo, kwaiyo zinazunguka zinarudi baada ya saa mbili au tatu. Mtangazaji anaingia studio anakuta orodha imeshaandikwa. Kazi yake kusoma.

Mnauliza kwa nini nyimbo chache hivyo? Sababu utafiti. Watu wanapigiwa simu au wanakusanywa ukumbini wanachezewa vipande vya sekunde chache chache vya nyimbo, wanasema huu naupenda, huu nimeuchoka, huu siujui. Na hapo kwenye "siujui" ndo muziki mpya unapofia. Mtu hawezi kuupenda wimbo ambao hajawahi kuusikia kwa kipande cha sekunde nane, kwaiyo kila utafiti ukifanyika wanaoshinda ni wale wale waliopigwa jana. Tukawa tunawauliza watu wanapenda nini alafu tunawapa tu kile tulichokwishawapa. Nyoka anakula mkia wake.

Pili matangazo. Umeshawahi kujiuliza kwa nini ukihama stesheni wakati wa matangazo unakuta na kule ni matangazo? Sio uchawi. Kwenye mfumo wa kupima wasikilizaji wa kule Marekani saa inagawanywa robo robo, na kwa miaka mingi msikilizaji akikaa dakika tano tu ndani ya robo saa alikuwa anahesabiwa robo nzima. Kwaiyo akili ya kituo ikawa ni kumshika msikilizaji dakika tano kabla ya matangazo na tano baada ya matangazo, na mkupuo wa matangazo unawekwa pale robo mbili zinapokutana. Vituo vyote vina hesabu ile ile kwaiyo vyote vinakwenda matangazo karibu muda mmoja. Msikilizaji hana pa kukimbilia ila kwenye simu yake, na ndo anakokimbilia.

Tatu, na hii ndo iliyonitoa mimi. Zamani upimaji ulikuwa wa daftari, mtu anaandika mwenyewe wiki nzima alisikiliza nini. Anaandika anachokumbuka, na anachokumbuka ni jina la mtangazaji anayempenda. Baadae kampuni ya Arbitron ikaleta kifaa kidogo unatembea nacho kama zile peja, kinanasa alama iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo, kinajua ulikaa dakika ngapi na uliondoka saa ngapi. Matokeo yakaonyesha kwamba mtangazaji akifungua mdomo kuna watu wanahama. Basi mabosi hata wa nchi ambazo hazina hicho kifaa wakasoma, wakapitisha: ongeeni kidogo. Sekunde kumi. Jina la kituo, hali ya hewa, kaa kimya. Nilikuwa na kipindi cha usiku ambacho nilikuwa naelezea wimbo umerekodiwa wapi, nani kapiga gitaa, bendi ilikuwa inagombana kwa sababu gani, nikaambiwa punguza, nikapunguza, nikaambiwa punguza tena, mwisho nikaambiwa nirekodi maneno yangu yote ya wiki nzima siku ya Jumatatu asubuhi kompyuta iyachomeke yenyewe usiku. Nikawa nasema "usiku mwema" saa tatu asubuhi, jua linawaka.

Mama wawili, samahani sana kukwambia, ile sauti unayoisikia ukipiga pasi inawezekana mwenyewe yuko kwao amelala.

---

mama_wawili77

Zamani studio umenivunja moyo wewe 😭 hata kunidanganya ulishindwa?

---

hesabu_kali

Mkuu zamani_studio umeeleza vizuri na nimejifunza, ila naona mnaipamba zamani kupita kiasi. Hao madj wa enzi zile waliokuwa wanachagua nyimbo wenyewe, mnajua walikuwa wanachaguaje? Marekani mwaka 1959 na 1960 bunge lao lilichunguza kashfa ya payola, kampuni za rekodi zilikuwa zinawalipa madj chini ya meza wapige nyimbo zao, Alan Freed ambaye ndo alilipa umaarufu lile jina rock and roll akaishia mahakamani na kazi akapoteza. Sheria ikatungwa. Ikaisha? Thubutu. 2005 Sony BMG walikubali kulipa dola milioni 10 huko New York kumaliza kesi ya mambo hayo hayo, vituo na watangazaji walikuwa wanapewa safari na zawadi. Yani huyo binadamu mnayemlilia mara nyingine alikuwa ni bahasha inayoongea.

Mimi ukiniuliza sababu namba moja ni umiliki. Mwaka 1996 Marekani walibadilisha sheria ya mawasiliano, kabla ya hapo kampuni moja haikuruhusiwa kuwa na zaidi ya vituo 40 nchi nzima, kikomo kikaondolewa, kampuni ya Clear Channel ikanunua ikanunua mpaka ikapita vituo 1,000. Ukishakuwa na vituo 1,000 huwezi kuwa na watu 1,000 wa kupanga muziki, unaweka wachache sehemu moja wanapangia nchi nzima. Ikabadili jina ikawa iHeartMedia na Machi 2018 ikaomba ulinzi wa kufilisika ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Sasa deni la hivyo linalipwaje? Kwa matangazo mengi zaidi na watu wachache zaidi. Msikilizaji anadhani redio imekosa ubunifu kumbe redio inalipa riba.

---

zamani_studio

Hesabu kali nakubali kabisa kuhusu bahasha, nimeziona kwa macho. Lakini angalia tofauti. DJ aliyehongwa bado alikuwa na haki ya kuchagua, ndo maana alihongwa! Hakuna anayemhonga mtu asiyekuwa na maamuzi. Leo hakuna anayehangaika kumhonga mtangazaji. Hilo tu linakuonyesha thamani yake imefika wapi.

---

kijana_wa_juzi

Habari wakubwa, mimi ndo huyo fundi_antena anayemsema, sijawahi kumiliki redio, nyumbani ilikuwepo ila ilikuwa ya babu na ilikuwa ni ya habari na vifo. Muziki naupata kwenye video fupi, kipande cha sekunde 15 kikinipendeza natafuta wimbo mzima. Mara nyingi kizima hakina lolote, kile kipande ndo kilikuwa wimbo wote 😅

Ila nataka kuwaambia kitu, msidhani huku kwetu tunafurahia sana. Spotify 2015 walianzisha ile orodha ya kila Jumatatu ya nyimbo 30 zilizochaguliwa kwa ajili yako, mwanzoni unaona kama kuna mtu anakusoma roho, baada ya mwaka unagundua inakuletea wewe mwenyewe. Kila wiki mimi mimi mimi. Ukisikiliza wimbo mmoja wa huzuni kwa bahati mbaya unalizwa mwezi mzima. Alafu nyimbo zenyewe zimebadilika sababu kule wimbo unahesabiwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, kwaiyo msanii anakimbilia kiitikio mapema, ule mwanzo mrefu wa gitaa ambao watangazaji wenu walikuwa wanaongelea juu yake siku hizi haupo hata wa kuongelea.

Kwaiyo yale malalamiko ya zamani_studio, ya kompyuta kukupa ulichokwishapenda, ndo malalamiko yetu pia. Mmekimbia mashine ya kwanza mmekuja kutukuta kwenye ya pili. Tofauti ni kwamba ya kwenu inarudia nyimbo za watu wote na ya kwetu inarudia nyimbo zangu.

Kitu ambacho kimenifanya nianze kupenda redio, usicheke, ni Radio Garden, tovuti ya kusikiliza redio za dunia nzima. Unaona dunia nzima kama tufe imejaa vidoti vya kijani, kila kidoti ni mji wenye redio, unazungusha unasimama popote. Nikakutana na FIP ya Ufaransa, ipo tangu 1971, haina matangazo ya biashara siku hizi, inapiga jazi inaingia hip hop inaingia muziki wa filamu ya zamani na vinaungana kama vilizaliwa pamoja. Kifaransa sijui ila nasikiliza. Na KEXP ya Seattle ambayo inachangiwa pesa na wasikilizaji wake, pale mtangazaji anachagua mwenyewe na anaongea, anakwambia kabisa leo nimeamka vibaya ndo maana napiga huu.

---

kidole_chepesi

Sasa nyie mnasema binadamu binadamu, mmesikia ya Poland? Oktoba 2024 OFF Radio Kraków waliweka watangazaji wa akili bandia, wakafika hadi kurusha mahojiano na mshairi Wisława Szymborska ambaye alishafariki 2012. Watu waliwaka, ndani ya wiki moja hivi wakasitisha. Yani redio imefika mahali inahoji marehemu kabla ya kumlipa aliye hai.

---

fundi_antena

Na hiyo iliwaka kwa sababu watu WALIAMBIWA. Wangekaa kimya je? Zamani studio alikuwa anasema usiku mwema saa tatu asubuhi na hakuna aliyepiga simu.

---

zamani_studio

Fundi umenipiga chini ya mkanda ila ni kweli. Walipiga wachache kusema ukweli. Kulikuwa na mlinzi mmoja wa usiku alikuwa anapiga kila wiki kuomba nyimbo, nilipoanza kurekodi simu ya studio ikawa inaita hakuna wa kupokea. Nilikuja kukutana nae baadae sana, akaniuliza kama niliumwa.

Jamani nisiwape picha kwamba wote wameoza. Vipo vituo vidogo vya jamii na vya vyuo vinavyoendeshwa na watu wasiolipwa, mtangazaji anakuja na sanduku lake la sahani, anakosea, anaweka wimbo mbaya, anaomba radhi. Shida hawana mtambo wa nguvu, ukitoka nje ya kilomita chache umewapoteza. Ila intaneti imewasaidia hapo kama kijana alivyosema.

---

mpenda_masafa (mleta mada)

Wakuu asanteni, nimesoma yote, mengine mara mbili. Kijana nimefanya ulivyosema, jana usiku nimezungusha hilo tufe lako karibu saa nzima, nikaangukia kituo sehemu ya mbali kabisa, lugha sielewi hata neno, mzee mmoja anaongea taratibu kati ya nyimbo, nikasikia anakohoa, anakunywa kitu, kikombe kinagusa meza, alafu anaendelea. Nikakaa mpaka akamaliza kipindi. Nyimbo mbili sikuzipenda kabisa na sikuhama, nashindwa kujieleza kwa nini.

FM ya kwangu nimeirudisha stoo ila betri nimeziacha ndani.

Mama wawili endelea kupiga pasi, usimsikilize huyu bwana, wa kwako yupo macho.

Alafu zamani_studio umesema bahasha uliziona kwa macho. Swali la kizushi: wewe binafsi ulipewa ngapi? 😄

---

zamani_studio

Moja. Niliirudisha pamoja na CD yake maana wimbo ulikuwa mbovu. Ungekuwa mzuri sijui ningefanyaje.